Jina la Baba Lilivyofika Osaka

Tangu nirudi Likasi sijapata kununua hata nyanya kwa amani. Kila anayenikuta sokoni, au nikitoka misa, au nikiwa nimebeba ndoo kichwani, ananiuliza neno lilelile: mwimbaji alilitaja jina la mzee, au hakulitaja? Nikisema jibu lake si fupi, watu wananitazama kwa jicho la pembeni, wanafikiri Japani imenipandisha kichwa. Basi, wenzangu wa kwaya na majirani wa mtaa wa Panda, nimekaa chini nikaandika yote tangu mwanzo. Habari za viza na tiketi nimeziruka, zinamchosha hata aliyezipitia. Someni polepole, na msirukie mwisho.

Kwa asiyetujua: mimi ni Clarisse, na baba yangu ni Papa Valentin. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye mashine za kusaga mawe ya shaba, na mashine hizo zilimla masikio. Mimi ni mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, lakini kwa miaka mingi baba alikuwa anakuja misa kunitazama midomo tu. Kisha mdogo wangu Fabrice, aliyekwenda Japani kufanya biashara ya magari yaliyotumika, akatuletea basi dogo jeupe. Ndani ya redio yake kulikuwa na sidii iliyokwama, hata fundi alishindwa kuitoa. Siku lilipofika, baba alipanda kiti cha mbele, mtu akawasha redio, na zile spika kubwa zikaanza kupiga rock ya Kijapani. Mzee aliweka kiganja kimoja mlangoni na kingine kifuani, akabaki hivyo mpaka wimbo ukaisha. Halafu akasema, "Hii niko nasikia."

Injini ya basi lile ilikufa zamani. Gari limebaki uani kwetu, na betri yake tunaichaji kwa ajili ya muziki tu. Fabrice alituulizia huko aliko, akatuambia kwamba wapigaji ni wanaume wanne wa Osaka, wamepiga pamoja tangu ujana wao hadi nywele zimekuwa nyeupe, na alama yao ni mwavuli mwekundu. Jina la bendi ni refu na ulimi wetu unalikataa, kwa hiyo sisi tunawaita Wazee. Nilianza kukaa garini na baba kwa kumwonea huruma, nikaishia kuwa mgonjwa wa Wazee kumshinda yeye. Mnanijua, naosha vyombo nikiimba maneno ambayo sijui hata moja lina maana gani.

Mwaka huu yalitokea mawili. Daktari wa Lubumbashi alisema sikio la kushoto la baba limekwisha na la kulia linafuata, na hakuna dawa. Na Wazee wakatangaza kwamba wanafanya ziara ya mwisho, kisha wanapumzika. Baba aliniita garini akafunga mlango. "Clarisse, weye njo utakwenda," alisema. "Utamwambia ule mwimbaji aite jina yangu mbele ya batu. Mara moja tu. Minye niko mupenzi wake tangu zamani."

Nyinyi mnaelewa alichotaka. Kwetu mwanamuziki hutaja majina ya wapenzi wake, yaani mashabiki, katikati ya wimbo, tunaita libanga, na aliyetajwa hutembea mtaani kifua mbele. Baba yangu hajawahi kutajwa na mwanamuziki yeyote, hata wale wa baa. Alitaka atajwe kabla sikio la kulia halijafungwa, na mimi nimletee sauti hiyo kwenye simu aisikie mwenyewe. Daktari alimkataza ndege, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumkatalia. Nilikubali, na kuanzia saa ile usingizi ulinipungukia.

Panda hadi Lubumbashi

Niliondoka asubuhi kwa gari la abiria, nikiwa na begi la nguo, mfuko wa finkubala, wale viwavi wakavu ambao Fabrice anawalilia kila akipiga simu, na karatasi ndogo ambayo baba aliandika jina lake kwa herufi kubwa. Ile karatasi niliishika mkononi. Kila baada ya muda niliifungua kuona kama jina bado lipo, utadhani wino unaweza kushuka njiani.

Mbele kidogo ya mlima lori la madini lilikuwa limelala kwa ubavu, limeziba njia. Foleni ikasimama. Madereva walizima injini, wakashuka, wakaanza kubishana nani alaumiwe, na akina mama wa vijiji vya karibu wakatokea na mahindi ya kuchoma na uyoga, kama waliokuwa wanajua. Mimi nilikuwa nahesabu saa za ndege kichwani. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu, mwenye kitambaa cha kanisa la uamsho, aliona ninavyohesabu kwa vidole akaniuliza ninaenda wapi. Nikamwambia ninakwenda Japani kuwaona Wazee. Alinishika kichwa palepale akaniombea kwa nguvu, akiwataja hao wazee wa kanisa wanipokee vizuri, wanifungulie milango, wasinirudishe mikono mitupu. Abiria wote wakaitikia amina.

Sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Lakini alipomaliza aliniuliza kanisa lenyewe linaitwaje, ikabidi niseme ukweli kwamba ni bendi ya rock. Mama aliniachia kichwa taratibu. Alimega mahindi yake, halafu akasema maombi yakishatoka hayarudi, tutaona Mungu atafanya nini nayo. Lori lilivutwa, tukapita. Nilifika uwanja wa ndege nikiwa abiria wa mwisho kabisa, jasho limenilowesha hadi mgongoni.

Addis, mahali nilipopoteza sauti

Sikuwahi kupanda ndege. Hakuna aliyeniambia kwamba mle ndani kuna baridi, na ule upepo wa juu ya kichwa nilidhani hauzimwi. Nilikaa nao ukinipuliza kooni njia nzima, kwa adabu, nikiamini ndiyo desturi.

Addis Ababa tuliambiwa ndege ya pili imechelewa. Hawakusema kwa nini. Tulikaa kwenye viti vya chuma, watu wakalala sakafuni wamejifunika magazeti. Kijana mmoja wa Kiethiopia aliyekuwa anasafisha alinionea huruma akaniletea chai ya moto na kipande cha injera, mkate wao mwembamba, kutoka kwenye chakula chake. Nilikimega nikitafuta ladha ya bukari, ugali wetu, sikuikuta. Ilikuwa chachu na laini, lakini njaa haina ubishi na nilikimaliza. Nilipotaka kumshukuru, haikutoka sauti. Ilitoka pumzi tu, na mkwaruzo.

Hapo ndipo hofu ilipoanza kunikamata kweli. Mpango wangu wa akiba, ambao sikumwambia mtu, ulikuwa huu: wakinizuia kumfikia mwimbaji, nitapiga kelele. Mnaijua sauti yangu, inafika nyuma ya kanisa bila maikrofoni. Sasa nilikuwa nimebaki na karatasi peke yake. Simu ikalia, ujumbe wa baba: "Umefika?" Nikamwandikia kwamba bado, lakini kila kitu kiko sawa. Huo ndio uongo wa kwanza wa safari.

Narita, na kesi ya finkubala

Tulitua Korea, tukapanda tena, tukafika Narita, uwanja wa ndege wa Tokyo, nikiwa sijui ni leo au jana. Kwenye forodha afisa mmoja mwenye glavu nyeupe alifungua begi langu akakutana na mfuko wa finkubala. Alimwita mwenzake. Mwenzake akamwita mwingine. Walisimama watatu wakiwatazama wale viwavi kwa heshima, na mmoja akaniandikia swali kwenye simu inayotafsiri Kifaransa: je, hii ni nyama au ni mboga?

Wenzangu, nilifikiri sana. Tunawala na bukari kama mboga. Lakini wana miguu. Nikatikisa kichwa, nikainua mabega, na sauti ya kueleza sikuwa nayo. Waliwaza nao, wakapekua kitabu kinene, na mimi nikaanza kuona nimefungwa, nimerudishwa, baba amekaa garini ananisubiri. Mwishoni waliuchukua mfuko wakaniinamia wote watatu. Sijawahi kunyang'anywa kitu kwa adabu ya namna ile. Nami niliwainamia, mara nyingi kupita kiasi.

Fabrice alikuwa mlangoni. Alinikumbatia, akanusa begi, akaniuliza finkubala ziko wapi. Nilipomwonyesha kwa ishara kwamba zimebaki, alizililia njia nzima hadi kwake.

Usiku ule alinipikia bukari ya unga wa mchele, kwa sababu wa mahindi ulimwishia, ikashika kwenye sufuria kama gundi. Tulipokuwa tunakula ndipo aliposema alichokuwa anakificha kwenye simu. Hakutaka kumvunja mzee moyo, alisema, ila huku mambo ni mengine. Mwimbaji hataji watu. Hakuna anayemkaribia. Na kuchukua picha au sauti kwa simu ni marufuku, ukijaribu unatolewa nje.

"Yaya, dada yangu, huku hakuna libanga," alisema. "Utaenda, utaona, utarudi. Tutamwambia Papa alitajwa. Nani atajua?"

Nilikasirika, na kwa mtu asiye na sauti hasira haina pa kutokea. Nilichukua simu yake nikamwandikia kwamba mimi ndiye nitajua. Aliosha sahani bila kuniangalia. Baadaye aliniletea maji ya moto na tangawizi, akaniwekea blanketi la pili. Simu ikalia tena: "Umefika? Banakupokea muzuri?" Nikajibu ndiyo.

Treni hadi Osaka

Fabrice alikuwa na mnada wa magari siku ya onyesho, hakuweza kwenda nami, na tiketi ilikuwa moja tu. Alinipakia kwenye treni ya kasi mjini Tokyo, akanionyesha kwenye karatasi jina la Osaka kwa maandishi yao, akaniambia treni za Japani hazichelewi, nisiogope. Kwa hiyo iliposimama katikati ya mashamba ya chai, mvua inamwagika mpaka dirisha likawa jeupe, nilijua kwamba nimekosea treni.

Tangazo likatoka. Abiria hawakushtuka, walikunja mikono wakafumba macho. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilimwonyesha karatasi yangu mzee mmoja, akasoma, akaitikia kwa kichwa, akalala. Kwetu gari likisimama watu hushuka, hugombana, hucheka, na kati ya makelele yale unaweza kujua hali ilivyo. Kimya kile kilinitisha kuliko lori lililoanguka.

Ndipo nikamwona mwanamke kiti cha upande wa pili, umri wangu au kunizidi kidogo, amevaa koti zuri la ofisini, na shingoni amejifunga taulo. Nilimsikitikia. Kwetu mama anayetoka na taulo shingoni ametoka kuoga au amepatwa na jambo. Kisha alijigeuza na nikaona kwenye taulo lile mwavuli mwekundu.

Nilitoa begi langu la nguo. Baba alikuwa ameushona mwavuli uleule pembeni, kwa uzi wa nailoni, umepinda kidogo. Nikauelekezea kidole. Mwanamke aliutazama, akanitazama, akaweka mkono mdomoni. Aliitwa Keiko. Alikuwa mshonaji wa mapazia, na Wazee alikuwa anawafuata tangu akiwa msichana. Tulizungumza kwa simu inayotafsiri, yeye akisema na mimi nikiandika, wakati mvua inapiga. Aliniambia treni ni yenyewe, imesimama kwa usalama tu. Akanigawia wali uliokunjwa kwa majani meusi ya baharini. Ndani nilitegemea nyama nikakuta tunda chachu lenye chumvi, machozi yakanitoka, naye akafikiri nimeguswa na wema wake, akanipa leso.

Nilimweleza habari ya baba. Niliandika yote: mashine, masikio, gari lililokufa, kiganja mlangoni, libanga. Alisoma taratibu hadi mwisho. Nilimwuliza kama itawezekana. Alivuta hewa kwa meno, akainamisha kichwa upande mmoja, na simu ikatafsiri neno moja: vigumu. Baadaye Fabrice aliniambia kwamba neno hilo likisemwa na Mjapani maana yake ni haiwezekani. Sikujua, kwa hiyo nilibaki na tumaini.

Mvua ilipungua, treni ikaondoka. Tuliingia Osaka tumechelewa, na tulikimbia wote wawili, yeye na viatu vyake vya visigino, taulo linapeperuka.

Ukumbini

Keiko alinunua taulo la pili pale mlangoni akanifunga shingoni. Aliwaomba waliokaa karibu naye wasogee, wakainamiana sana, nikapata kiti kando yake. Watu walikuwa wengi kupita ninavyoweza kuwaeleza, na wote walikaa sawasawa. Taa zikazimika. Wazee wakatokea, wanne, wadogo kuliko nilivyowaota, mpiga ngoma ana miwani. Wimbo wa kwanza ulikuwa ule wa kwanza wa sidii yetu. Nililia, siwezi kuficha, kwa sababu kwa mara ya kwanza ulikuwa hauna ule mkwaruzo wa spika ya kushoto, na nikaukumbuka.

Sasa nilifanya kosa ambalo Mjapani hawezi kulifanya. Wimbo ulipofika katikati, pale gitaa linapocheza peke yake, niliona ndio wakati. Kwetu mpenzi huinuka, hupanda hadi mbele, humfikia mwimbaji na karatasi yake, na watu humpigia makofi. Niliinuka na karatasi ya baba mkononi nikaanza kushuka njia ya katikati. Sikufika mbali. Msichana wa kazi, mwenye koti jeusi, alitokea mbele yangu akapiga magoti chini kabisa, mikono miwili imenyooshwa.

Mimi ni mtoto wa Kiluba kwa upande wa mama. Mtu akipiga magoti mbele yangu sibaki nimesimama. Nilipiga magoti nami, nikapiga makofi mawili ya taratibu kumwitikia, kama nilivyofundishwa. Msichana alishangaa, akainama zaidi. Nami nikainama zaidi. Tulikaa vile katikati ya ukumbi, wanawake wawili tunaheshimiana, gitaa linalia juu yetu, mpaka Keiko alipokuja kunishika bega. Msichana alikuwa amepiga magoti ili asiwazibe watu walioketi nyuma. Alikuwa ananiomba nirudi kwenye kiti.

Nilirudi na aibu imenijaa masikioni. Karatasi ilikuwa imelowa jasho, herufi V imeshaenea. Nyimbo zikapita, zile ninazozijua zote, na sikuzifurahia hata moja. Kila uliokwisha ulikuwa unanipunguzia nafasi. Nilikuwa nimevuka nusu ya dunia kwa ajili ya bendi niipendayo, na nilikuwa nakaa pale nikiomba wasimalize.

Kisha kulikuwa na kimya kati ya nyimbo mbili, mwimbaji anakunywa maji, na ghafla ukumbi wote ukaanza kuita. Mtu mmoja hapa, mwingine kule, kila mmoja neno moja. Keiko naye aliita. Nilimwuliza kwa macho, akaniandikia: sasa ndipo tunawaita majina yao. Nilisoma mara mbili. Kwetu mwanamuziki ndiye humwita mpenzi. Kwao mpenzi ndiye humwita mwanamuziki. Nikamwandikia haraka, vidole vinateleza: je, mtu anaweza kuita jina jingine? Keiko alifikiri. Aliandika kwamba jina linaloitwa ni la mtu aliye jukwaani. Nikafungua mdomo hivyohivyo, nikavuta pumzi kama kabla ya kuimba Utukufu wa Pasaka, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Ulitoka mkwaruzo ambao hata yeye aliyekaa kando yangu hakuusikia. Wimbo mwingine ukaanza.

Nilifunika uso kwa taulo. Niliona jinsi nitakavyoingia pale uani, na baba ameshika simu sikioni akisubiri. Nilijua nitamdanganya, na nilijua hatanishuku, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mwimbaji akasema jambo, na ukumbi ukatoa sauti ya huzuni, nikaelewa kwamba umebaki wimbo wa mwisho. Kikafuata kimya kingine. Watu wakaita tena, wengine sauti zimekatika kwa kilio. Wakaishiwa. Na pale walipokwisha kuishiwa, Keiko alisimama. Nilihisi kiti kikipanda kabla sijamwona. Huyu mwanamke mdogo, aliyekula wali wake kwenye treni kwa kufunika mdomo, alijaza kifua hewa akaita: "Barentin!" Ulimi wao nao unaikataa V.

Vichwa vikageuka. Mwimbaji aliacha kufunga kamba ya gitaa. Aliweka kiganja juu ya macho kuzuia taa akatutazama upande wetu. Alisema neno kwenye maikrofoni. Keiko alijibu kwa maneno machache tu, nikashika "Kongo", akaninyooshea kidole, kisha akagusa sikio lake. Mwimbaji aliinua kichwa, akasema kwenye maikrofoni, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu:

"Barentin?"

Na nyuma yake yule mpiga ngoma wa miwani akapiga ngoma kubwa ya miguuni. Mapigo matatu, mazito, na nafasi kati yake. Yalinigonga hapa, chini ya shingo. Halafu wimbo wa mwisho ukaanza, Keiko akakaa, akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki.

Kurudi

Mngefikiri nilirudi nikiruka. Nilirudi nimechanganyikiwa. Fabrice nilipomsimulia kwa maandishi alifurahi, akapiga meza, halafu akauliza swali lililoharibu kila kitu: alilitaja, au aliuliza? Maana aliposema lile neno sauti yake ilipanda mwishoni. Huenda alikuwa anasema Valentin ni nani. Mtu akiuliza jina lako ni nani, je, amekutupia libanga? Fabrice alisema tuhesabu imo. Mimi sikuwa na hakika.

Niliibeba shaka hiyo kutoka Narita hadi Addis. Safari hii nilijua kuuzima upepo, na koo likanifunguka nikiwa juu ya bahari, wakati sikulihitaji tena. Ujumbe wa baba ulikuwa unaningoja kwenye kila uwanja. "Alisema?" Nikajibu nitamweleza nikifika. "Alisema?" Nikajibu nakuja, Papa. Sikuwa na sauti ya mwimbaji kwenye simu ya kumletea, nilikuwa na taulo tu. Njia ya Lubumbashi hadi Likasi ilikuwa wazi, hakuna lori wala foleni, na kwa mara ya kwanza maishani niliomba gari lichelewe.

Garini

Baba alikuwa ndani ya basi, kiti chake cha mbele, amevaa shati la Jumapili. Nilipanda upande wa usukani nikafunga mlango. Nilianza kueleza tangu Addis. Aliniacha niseme maneno kadhaa, kisha akaweka kiganja chake kwenye sikio la kulia na kukitikisa, kama tunavyofanya kuonyesha kwamba chungu kimekwisha.

Lilikuwa limefungwa nikiwa njiani. Jumbe zote zile, "Umefika?" na "Alisema?", alikuwa ananiandikia kutoka ndani ya kimya, na hakuniambia ili nisigeuke. Nilichokwenda kumletea kilikuwa ni sauti.

Nilichukua simu nikaandika. Nilitaka kuandika kwamba alitajwa, ikiisha basi iishe. Vidole vilikataa. Niliandika kama ilivyokuwa: mwanamke wa huko aliita jina lako. Mwimbaji akasema Barentin, lakini sauti ilipanda, sijui kama alikutaja au aliuliza. Halafu mpiga ngoma akapiga ngoma kubwa mara tatu. Nikampa simu.

Baba alisoma kwa muda mrefu. Alivua miwani, akaipangusa kwa taulo la mwavuli mwekundu nililomletea, akasoma tena. Midomo yake ilikuwa inajaribu lile jina kwa namna ya Osaka. Nilisubiri aniulize lile swali ambalo nyinyi nyote mnaniuliza.

"Njo vile," alisema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Ule aliuliza, Valentin eko wapi? Na ngoma ikajibu."

Akaweka kiganja chake kwenye mlango wa gari, mahali rangi imelika kwa miaka ya kuwekwa mkono.

"Alipiga namna gani?"

Nilishuka, nikazunguka, nikasimama nje upande wake. Nilipiga bati kwa ngumi, karibu na kiganja chake. Va. Len. Tin. Alifumba macho. Nilidhani analia, nikashusha mkono.

"Hapana," baba alisema bila kufumbua. "Ule muntu alipiga na nguvu kuliko weye. Rudilia."